Sandwichi Iliyopandishwa Mto: Bei ya Chakula cha Mchana Kisangani

Sandwichi inayouzwa katika mkahawa wa kisasa wa Makiso, komini iliyo kitovu cha Kisangani, au kwa abiria anayesubiri ndege Bangboka, haina mengi ndani yake: mkate mweupe uliopasuliwa, nyama ya kuku au yai, jani la saladi, vipande vya nyanya na mayonezi. Hata hivyo, kwa bei yake mtu angeweza kununua, hatua chache kutoka mlangoni, sahani iliyojaa ya lituma, yaani ndizi za kutwanga, na samaki, na bado akabakiwa na nauli ya toleka, baiskeli ya kubeba abiria, ya kurudi nyumbani. Mgeni hudhani ni ulafi wa mwenye duka. Wenyeji wengi hudhani hivyo pia, ila wao hawashangai. Ulafi upo, na utatajwa mahali pake, lakini sehemu kubwa ya bei ile ilikwisha kupangwa na mto, barabara, umeme na noti za dola kabla mwenye duka hajafungua mlango.

Yote huanzia kwenye mkate. Ngano haistawi katika msitu wa mkoa wa Tshopo. Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwenye ardhi isiyofika mita 500 juu ya usawa wa bahari, na joto lake lenye unyevunyevu huzaa ukungu na magonjwa ambayo zao hilo halistahimili. Nchini Kongo ngano hulimwa kidogo kwenye nyanda za baridi za Kivu ya Kaskazini, kama vile Lubero, lakini mavuno yake ni haba mno kuweza kulisha matanuri ya miji. Karibu ngano yote inayoliwa nchini huja kwa meli kutoka ng'ambo.

Njia yake ya zamani ni ile ya magharibi. Meli huingia kinywa cha Mto Kongo na kushusha shehena Matadi, ambako kinu cha MIDEMA huisaga kuwa unga. Hapo Matadi mto haupitiki tena kwa sababu ya maporomoko, na ndiyo maana wakoloni walijenga reli ya kilomita 366 hadi Kinshasa, iliyokamilika mwaka 1898. Siku hizi mizigo mingi hupita barabarani kwa malori. Kinshasa unga hupakiwa upya, safari hii kwenye matishali yanayosukumwa na boti ya injini, au kwenye yale maboti makubwa ya mbao yanayobeba watu, mbuzi, magodoro na mifuko ya simenti kwa pamoja. Kutoka hapo hadi Kisangani ni zaidi ya kilomita 1,700 za kupanda dhidi ya mkondo. Maji yakiwa mengi na injini ikiwa nzima, safari ni ya majuma. Maji yakipungua, chombo hukwama kwenye fungu la mchanga na kusubiri. Injini ikifa, husubiri zaidi. Wakati wote huo unga unanyeshewa, unaloa kutoka chini, unatobolewa na panya. Gunia lililoharibika njiani halilipwi na mto. Hulipwa na magunia yaliyofika salama, kisha na mikate iliyotokana nayo.

Kisangani ndiyo mwisho wa safari hiyo, na mji wenyewe upo kwa sababu hiyo. Juu kidogo ya bandari kuna maporomoko ya Boyoma, saba kwa hesabu, yaliyotawanyika katika umbali wa kilomita zipatazo 100, na hakuna chombo kinachoyapanda. Mvumbuzi Stanley alianzisha kituo chake hapo mwaka 1883, na mwaka 1906 Wabelgiji wakafungua reli ya kilomita 125 ya kuyazunguka maporomoko hadi Ubundu, wakati huo Ponthierville. Mji ulizaliwa kuwa mahali pa kushushia na kupakia, na gharama za kushusha na kupakia zimebaki ndani ya kila kitu kinacholiwa hapo ambacho hakikuota hapo. Kila kituo njiani kina watu wanaosubiri kulipwa: mpakuaji, mwenye ghala, mwenye chombo, ofisa wa bandari, na wale maofisa wengine ambao kazi yao haieleweki vizuri ila risiti zao zinaeleweka.

Njia ya pili ni ya mashariki. Unga, sukari, hamira, maziwa ya unga na mafuta ya injini hushushwa Mombasa, huvuka Kenya na Uganda, huingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi, hupita Beni na Mambasa, kisha hufuata barabara ya taifa namba 4 kupitia Nia-Nia na Bafwasende hadi Kisangani. Jumla yake ni zaidi ya kilomita 2,000 za nchi kavu. Kongo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kwenye karatasi mlango huo umefunguka zaidi. Ardhini mambo ni mengine. Msimu wa mvua lori moja likizama kwenye tope la udongo mwekundu hufunga njia kwa malori yote yaliyo nyuma yake, na katika eneo la Beni na Mambasa waasi wa ADF wamekuwa wakishambulia vijiji na magari kwa miaka mingi. Dereva anayekubali kupita huko hudai malipo ya hatari, na hakuna anayeweza kumlaumu.

Juu ya hayo ipo bei ya ngano yenyewe, ambayo Kisangani haina kauli yoyote juu yake. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, nchi mbili zilizo miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano duniani zilikuwa vitani, bei ikapaa, na waokaji wa Kongo wakaipata habari hiyo kwenye ankara. Waokaji wa miji ya Kongo wana dawa yao ya zamani kwa hali kama hiyo. Hawapandishi bei ya mkate, maana mteja atapiga kelele. Hupunguza uzito wake. Mkate unabaki na sura ile ile na jina lile lile, hewa tu ndiyo inayoongezeka.

Lakini mkate peke yake hauelezi kila kitu, na ushahidi uko kando ya barabara. Asubuhi, kwenye kona nyingi za komini za Mangobo, Kabondo na Tshopo, mama mwenye mbabula ya makaa hukaanga yai, akalipachika ndani ya mkate, akamiminia mteja chai ya moto. Wengine huweka parachichi lililopondwa, au siagi ya karanga iliyosagwa nyumbani. Kwa maana ya kitaalamu hiyo nayo ni sandwichi, imetengenezwa kwa unga ule ule uliopanda mto ule ule, na mwanafunzi au mwendesha toleka huimudu. Pengo kati ya mkate wa mama huyo na ule wa mkahawa wa vioo ndilo linalohitaji maelezo.

Sehemu ya pengo hilo ni kile kilichomo ndani. Mkahawa wa kisasa hujiuza kwa vitu ambavyo mbabula haina: paja la kuku lisilo na mfupa, jibini, viazi vya kukaanga, mayonezi, soda baridi. Kuku wa kijijini wapo Tshopo, ila ni wachache, wagumu, na huuzwa mmoja mmoja wakiwa hai. Mkahawa unaohitaji vipande vilivyolingana kila siku hugeukia kuku wa maboksi, ambao Kongo huagiza wakiwa wameganda kutoka Brazili, Ulaya na kwingineko. Barafu hiyo inapaswa kuendelea kuwa barafu kutoka bandarini hadi Kisangani. Ng'ombe nao si wa huku. Msitu na mbung'o haviwapendi, na nyama yao hutegemea mifugo inayoletwa kutoka Ituri na Kivu. Jibini inayojulikana zaidi nchini ni ya Masisi, kwenye malisho ya Kivu ya Kaskazini, na viazi mviringo, karoti na kabichi hupendelea baridi ya milima ile ile. Waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa kwa safari za kawaida, na njia ya haraka ya vyakula vya milimani ikakatika.

Hapa ndipo umeme unapoingia kwenye sahani. Kisangani ina bwawa lake, kwenye Mto Tshopo, lililojengwa miaka ya 1950 na kuwekewa mitambo mitatu yenye uwezo wa jumla wa takribani megawati 19. Mji umeshakua mara nyingi kupita ule uliokusudiwa, na mitambo imezeeka. Mmoja ukisimama, mitaa hupeana zamu ya giza. Muuza lituma hahitaji umeme. Mkahawa wenye friji la kuku, mashine ya kahawa na kiyoyozi hauwezi kukaa saa 3 bila umeme, basi hununua jenereta, na jenereta hunywa mafuta ambayo nayo yamepanda mto au yamevuka mpaka. Mteja anayefurahia baridi ya ukumbi analipia mafuta hayo kwa kila tonge, na anayelipia zaidi ni yule aliyekuja siku ambayo ukumbi ulikuwa na watu watatu tu.

Jambo la ajabu ni kwamba vingi vinavyoletwa kutoka mbali vina ndugu zao karibu. Mafuta ya mawese yanazalishwa ndani ya mkoa huu huu, huko Lokutu katika eneo la Basoko, kwenye mashamba yaliyoanzishwa na kampuni ya Lever enzi za Wabelgiji. Mayonezi ya mkahawa, ambayo si kitu zaidi ya mafuta na yai, huja kwenye chupa za plastiki kutoka ng'ambo. Mbegu za kahawa ya robusta zilitoka Kongo kwenda kupandwa Java karibu na mwaka 1900, na kutoka huko aina hiyo ikaenea nchi nyingi za tropiki. Kikombe kinachowekwa kando ya sandwichi mara nyingi ni kahawa ya unga ya kopo. Hili si kosa la Kisangani peke yake. Januari 2022 maduka ya KFC nchini Kenya yaliishiwa chipsi kwa sababu meli iliyobeba viazi vilivyogandishwa ilichelewa, ilhali wakulima wa Nyandarua walikuwa na viazi ghalani. Kampuni ilieleza kwamba kila msambazaji lazima kwanza apitishwe kwa vigezo vya ubora, na Wakenya wakajibu kwa hasira mitandaoni. Chakula cha kisasa huuzwa kwa ahadi kwamba kitakuwa vile vile kila siku, na ahadi hiyo huligharimu jiko kuliko nyama yenyewe.

Hesabu ya mkahawa inaweza kuonyeshwa kwa mfano wa kubuni. Tuseme sandwichi inauzwa dola 5. Wenye migahawa katika nchi nyingi hulenga vyakula vighafi vichukue kiasi cha theluthi moja ya bei, basi mkate, kuku na vinginevyo ni kama dola 1 na nusu. Kongo hutoza kodi ya ongezeko la thamani, TVA, kwa kiwango cha asilimia 16 tangu Januari 2012. Kwa mkahawa unaoitoza, karibu senti 70 za bei hiyo ni za serikali. Inabaki kidogo chini ya dola 3 kwa kodi ya nyumba, mishahara, mafuta ya jenereta, gesi au makaa, maji, vyombo vilivyovunjika, vyakula vilivyooza bila kuuzwa, na faida. Humo pia mna ziara za idara mbalimbali, za taifa, za mkoa na za komini, kila moja ikiwa na karatasi yake ya kulipiwa. Wafanyabiashara wa Kongo huita mambo haya kwa Kifaransa, tracasserie, na huyataja kwa sauti ya mtu anayeeleza hali ya hewa. Mwenye mkahawa mwenye madirisha makubwa na jina linalowaka usiku hutembelewa zaidi kuliko mama wa kona, maana anaonekana kuwa na kitu.

Halafu wateja ni wachache. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 asilimia 73.5 ya Wakongo waliishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 2018 kilikuwa franka 7,075 kwa siku, na hata kilipopandishwa mwaka 2025 hadi franka 14,500, sandwichi ya mfano wetu ingekula karibu siku nzima ya kazi. Wanaoingia ni maofisa, wafanyakazi wa mashirika ya misaada, wafanyabiashara wa almasi na mbao, walimu wa chuo kikuu mwezi wanapolipwa, na vijana wanaosherehekea kitu. Duka lenye wateja 30 kwa siku haliwezi kuuza kwa bei ya duka lenye wateja 300, hata mwenyewe akiwa na moyo mwema. Na hapa haki inamtaka mwandishi aseme wazi: wengi wa wateja hao hawaji kwa ajili ya kuku. Wanakuja kukaa mahali penye ubaridi, choo kinachofanya kazi, mahali pa kuchajia simu, na watu wa kuonekana nao. Meza imekodishwa, na sandwichi ndiyo risiti yake.

Tamaa hiyo ya mahali pa kisasa si mpya mjini hapa, na imeshaingia hata kwenye fasihi ya dunia. Mwandishi V. S. Naipaul alizuru Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1975, na mwaka 1979 akatoa riwaya A Bend in the River, inayosimuliwa na Salim, kijana wa ukoo wa wafanyabiashara wa Kihindi wa pwani ya Afrika Mashariki anayehamia kwenye mji ulio kwenye kona ya mto mkubwa. Naipaul hautaji mji huo, lakini wasomaji wengi wameutambua kuwa Kisangani. Humo rafiki wa Salim, Mahesh, anapata kibali cha kufungua Bigburger, mkahawa wa hamburga wenye jina na mitambo ya kigeni, nao unakuwa fahari ya mji. Bigburger ilibuniwa, ila mazingira yake hayakubuniwa. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara nyingi za wageni zingekabidhiwa kwa Wazaire. Wagiriki, Wareno na Wahindi waliokuwa wameshika biashara ya mkoa walipoteza maduka, na bidhaa zikaadimika. Tangu hapo Kisangani imeona mengi, ukiwemo ule mwezi wa Juni 2000 ambapo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa siku sita katikati ya mji na kuua raia kwa mamia. Anayefungua mkahawa mahali penye historia ya namna hiyo hutaka kurudisha mtaji wake haraka. Haweki hesabu za miaka 20.

Dola nayo ina fungu lake. Franka ya Kongo ilianza kutumika mwaka 1998 badala ya zaire mpya, na noti yake kubwa zaidi, ya franka 20,000, haifiki thamani ya dola 10. Kwa hiyo biashara yenye mali ya ng'ambo hufikiri kwa dola hata inapopokea franka. Menyu zikiandikwa kwa dola, bei huelekea kukaa kwenye namba kamili, kwa sababu hakuna senti za kurudisha. Kitu ambacho kingestahili dola 4 na robo huwa 5. Anayelipa kwa franka hubadilishiwa kwa kiwango cha duka, ambacho mara chache humpendelea. Na noti ya dola yenye mpasuko mdogo, hata wa milimita chache, hukataliwa papo hapo, jambo linalomwacha mgeni na pesa halali isiyonunua kitu. Mwaka 2025 franka, iliyokuwa imeshuka hadi zaidi ya 2,800 kwa dola moja, ilipanda thamani kwa kasi katika nusu ya pili ya mwaka. Walaji wa miji mbalimbali walilalamika kwamba bei madukani zilikuwa zimejifunza kupanda pamoja na dola lakini hazikujifunza kushuka nayo. Hapo ulafi unaweza kutajwa bila kuonea mtu.

Bangboka, ambayo kwenye tiketi huandikwa Bangoka, huongeza ngazi nyingine juu ya hizi zote. Uwanja huo uko kama kilomita 17 mashariki ya mji, na ulichukua nafasi ya ule wa zamani wa Simisimi. Njia yake ya kurukia ina urefu wa kilomita 3 na nusu, inayotosha ndege kubwa kabisa, ingawa zinazotua ni chache. Abiria hufika mapema kwa hofu ya kuachwa, hupitia meza za ukaguzi moja baada ya nyingine, hulipa Go-Pass, ada ambayo idara ya viwanja vya ndege RVA iliianzisha mwaka 2009 kwa dola 10 kwa safari za ndani na 50 kwa za nje, kisha huketi. Ndege ikichelewa, na ndege za ndani ya Kongo huchelewa bila kuona haya, huketi sana. Akishavuka ukaguzi hawezi kurudi barabarani kutafuta ndizi za kuchoma na karanga. Muuzaji aliye ndani anajua hivyo. Abiria ni samaki aliyekwisha kuingia katika tenga la Wagenya, wavuvi wa maporomoko: mlango wa kuingilia ni mpana, wa kutokea haupo.

Hata hivyo muuzaji huyo naye anabanwa. Mkate na soda vimesafirishwa kilomita 17 zaidi, kwa pikipiki au gari. Nafasi ndani ya jengo hulipiwa. Na siku ambayo ndege imeghairishwa, mikate ya asubuhi hubaki kuwa hasara. Mauzo yote ya siku yanaweza kutegemea ndege moja au mbili. Tatizo la mteja asiye na pa kwenda liko duniani kote, na pengine limewekewa sheria. Mwaka 2021 msafiri mmoja alionyesha mtandaoni bia iliyotozwa zaidi ya dola 27 katika uwanja wa LaGuardia, New York. Mwaka uliofuata mamlaka inayousimamia ilisisitiza kanuni kwamba bei za uwanjani zisizidi zile za mjini kwa zaidi ya asilimia 10. Kanuni kama hiyo huhitaji mkaguzi anayepita na daftari na kulinganisha na bei za mjini. Bangboka wakaguzi wa kila aina wapo, ila ni abiria wanaokaguliwa.

Ng'ambo ya pili ya hesabu hii iko lituma. Ni ndizi za kupika zilizochemshwa na kutwangwa hadi zikashikana, wakati mwingine pamoja na muhogo, zikafinyangwa mafumba na kuliwa na samaki, pondu (kisamvu) au mchuzi wa mawese. Ndizi zake hufika mjini kwa mtumbwi kutoka vijiji vya mtoni, au mgongoni mwa baiskeli kutoka barabara za Buta na Ituri, zikiwa zimekatwa siku chache zilizopita. Samaki hutoka mtoni, wengine kwenye maporomoko yenyewe, ambako Wagenya huyatega matenga yao makubwa kwenye miti iliyosimikwa juu ya mawe. Majani ya kufungia liboke, chakula kinachopikwa ndani ya majani, hayana kiwanda. Kuni na makaa hutoka msituni, na msitu unayalipia kwa namna ambayo haionekani kwenye bei. Muuzaji hana ukumbi wa kupoza. Ana benchi, turubai na ulimi mtamu. Zaidi ya yote, bei ya lituma hujadiliwa. Mwenye pesa kidogo hukatiwa kidogo, akaongezewa mchuzi kwa undugu, na akirudi kesho hulipa deni. Sandwichi haina nusu. Ni nzima au hakuna, na haikopeshwi.

Isidhaniwe kwamba chakula hiki ni rahisi siku zote. Samaki wa mtoni hupanda bei maji yanapojaa na kuwatawanya, na samaki mkubwa wa aina ya kapiteni anaweza kumshinda bei kuku wa boksi. Familia nyingi za Kisangani hula samaki wa baharini aliyegandishwa, anayeitwa Thomson au mpiodi, wakiwa umbali wa kutupa jiwe kutoka moja ya mito mikubwa kuliko yote duniani. Bado, kwa wastani wa siku za kawaida, kilichoota karibu hulisha tumbo kwa pesa kidogo kuliko kilichosafiri.

Je, mkate unaweza kupunguziwa safari? Kwa kiasi fulani, ndiyo. FAO ilianzisha mpango wa unga mchanganyiko tangu mwaka 1964, na Nigeria imejaribu zaidi ya mara moja kuwabana waokaji wachanganye unga wa muhogo na wa ngano. Kizuizi ni cha kimaumbile. Ngano ina gluteni, utando unaonyumbuka ambao hunasa hewa ya hamira na kuufanya mkate uumuke, muhogo hauna. Sehemu 10 za muhogo katika 100 karibu hazionekani kwa mlaji. Zikipita 20, mkate huwa mzito, hupasuka, na hukauka mapema. Lakini hata hiyo asilimia 10 ingekuwa gunia moja katika kila kumi lisilohitaji kupanda mto. Muhogo upo, na maarifa hayako mbali: Yangambi, kama kilomita 100 chini ya Kisangani kwa njia ya mto, ndiko Wabelgiji walikoweka mwaka 1933 kituo kikuu cha INEAC cha utafiti wa kilimo, ambacho sasa ni cha INERA. Kinachokosekana ni unga wa muhogo uliokaushwa vizuri, usio na mchanga wala harufu, unaofika kwa mwokaji kwa kiasi kile kile kila juma. Muhogo unaoanikwa kando ya barabara na kusagwa mashine ya mtaani unafaa ugali. Kwa tanuri ya mikate mwokaji hataki kuuhatarisha.

Njia nyingine ni kuuacha mkate kabisa. Mwaka 1996, katika mtaa wa Humboldt Park mjini Chicago, mkahawa wa Borinquen wa Juan Figueroa, mzaliwa wa Puerto Rico, ulianza kuuza jibarito: sandwichi ambayo badala ya vipande vya mkate ina vipande viwili vya ndizi ya kupika mbichi, vilivyogandamizwa hadi vikawa bapa na kukaangwa vikawa vikavu, katikati nyama, saladi, nyanya na mayonezi ya kitunguu saumu. Imekuwa chakula cha kujivunia cha mji huo na kuigwa na migahawa mingine mingi, ingawa kila ndizi inayotumika Chicago imeletwa kwa meli na malori kutoka nchi za joto. Kisangani ndizi hiyo hiyo hushushwa ufukweni kila asubuhi, mafuta ya kukaangia hutoka Lokutu, na kazi ya kuikaanga haihitaji tanuri wala hamira. Mkahawa wa Makiso utakaoijaribu utabaki na gharama za jenereta, TVA, kodi ya nyumba na kiyoyozi kama ulivyo sasa. Ila theluthi ile ya bei inayokwenda kwenye vyakula ingepungua, na boti ikikwama kwenye mchanga huko chini ya mji wa Bumba, jikoni kazi ingeendelea.